Kioo Hakipuliziwi

Mama Chiriku aliifungua laptopu, akaona, akaifunga. Akavuta pumzi, akaifungua tena, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadilisha maneno. Wapi! Kwenye kioo, upande wa kulia, palikuwa na ukungu wa mviringo, ukubwa wa kisahani, na ndani ya ukungu ule zilionekana alama za mkono uliosugua ukazunguka, ukazunguka, ukakataa kuchoka. Akasogeza pua. Harufu kali ya dawa ya vioo ilikuwa bado ipo.

“Umeona?” Wifi yake alikuwa nyuma, kwenye meza ya fremu, hajageuza hata shingo. “Umeiona kazi ya mwanao?”

“Kazi ya nani?”

“Usinijibu swali kwa swali. Kila siku nasema, ukimpakata huyo mtoto mbele ya mashine ipo siku ataiharibu. Vidole vya uji, vidole vya mate, mara ameshika, mara amelamba. Haya, tazama. Roho yako imetulia sasa?”

Chiriku mwenyewe, aliyepewa jina hilo na baba yake kwa sababu hakunyamaza hata akiwa peke yake, alikuwa kwenye kapu lake nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lililochorwa ngazi na nguzo za jumba la matajiri. Miezi saba, meno mawili, hana hili wala lile. Alikuwa anaihutubia soksi yake.

“Wifi,” alisema Mama Chiriku, akiipima sauti isipande, “jana mimi sikuwepo. Nilikuwa kliniki, chanjo ya mtoto, na nilikuaga. Juzi nilipotoka hapa kioo kilikuwa kisafi.”

“Kwa hiyo kimejichafua? Kimeamka asubuhi kikajipaka?”

“Sijasema hivyo.”

“Sema basi! Sema hilo ulilolibana hapo kooni, nami nilisikie.”

Hakulisema, maana alijua yuko mahali pa nani. Studio ilikuwa ya marehemu baba mkwe, na baba mkwe alipofariki aliirithi binti yake mkubwa, huyu huyu wifi, kwa sababu kaka yake wifi, yaani mume wa Mama Chiriku, alipenda lori kuliko kamera na muda huu alikuwa huko barabarani, mikoa miwili kutoka nyumbani. Na tuseme ukweli, studio ilimfaa. Hakuna aliyejua taa kama yeye. Mtu angeingia na sura iliyochoka, wifi akasogeza mwavuli mweupe wa taa kidogo, akamwambia “inua kidevu, si hivyo, kwani unatafuta ndege?” na mtu yule akatoka kwenye picha kama amelala wiki nzima. Lenzi zake alizitunza kama mboni ya jicho. Hata kuzipumulia karibu ilikuwa kosa. Lakini laptopu hakuipenda. Kwake ilikuwa fremu nyingine tu, fremu inayowaka. Na katika studio ile fremu zilikuwa na desturi yake: kila kioo, kabla mteja hajakabidhiwa mali yake, kilipuliziwa dawa ya buluu kutoka kwenye chupa, kikasuguliwa kwa gazeti mpaka kilie *kwii*. Kioo kisicholia, alisema wifi, hakijatakata.

Mama Chiriku alikuwa amemwambia. Alimwambia kwa upole, siku ya kwanza kabisa, kwamba kioo cha laptopu si kioo cha fremu, juu yake kuna ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu, na dawa ile huila. Wifi alimjibu, “Yaani darasa la jioni limekufundisha kufuta vumbi.” Wakaishia hapo.

“Sikiliza,” wifi alisema sasa, na mara hii aligeuka mzima mzima, chupa mkononi. “Mimi sitaki ugomvi. Fundi anakuja kuchukua picha ya mumewe. Akishaondoka, wewe kusanya vitu vyako, kapu, nepi, kila kitu. Nimeshaongea na binti mmoja, hana mtoto, hana mambo mengi. Anaanza kesho.”

“Unanifukuza?”

“Nakupumzisha. Lea mwanao.”

Mama Chiriku akaketi. Hakukuwa na sehemu nyingine ya kazi. Alikwishazunguka mji huu akiwa na mimba ya Chiriku, akapanda ngazi za kila ofisi yenye kibao cha uchapaji na picha, na kote waliutazama mkanda wa gauni lake kwanza ndipo vyeti. Ni hapa tu, nyuma ya nguzo za kuchora, ambapo angeweza kuzirudisha sura za watu kwenye picha zilizochanika na wakati huohuo kumsikia mwanawe akipumua. Kiti hiki kikiondoka, kimoja kati ya hivyo viwili kingekwenda nacho.

Mlango ulisukumwa, na Fundi akaingia.

Fundi Cherehani alikuwa mwanamke wa mwili, utepe wa kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani kama nishani. Alishonea mtaa mzima, na mtaa mzima ulimwogopa. Ukichelewa kuja kujaribu nguo, anaipunguza kiuno makusudi. Mumewe alifariki akiwa ameacha picha moja tu, ndogo ya kitambulisho, iliyokunjika pembe. Aliileta wiki iliyopita ikiwa imefungwa kwenye leso, akasema anaitaka kubwa, ya ukutani, mbele ya cherehani yake. “Nataka anione ninapofanya kazi. Alizoea kunisumbua.”

“Shikamoo, Fundi,” alisema Mama Chiriku.

“Marahaba. Mbona nyuso zimevimba humu ndani? Kuna msiba?”

“Karibu, karibu sana,” wifi alidakia, sauti imegeuka asali papo hapo. Akaleta fremu iliyofungwa karatasi, akaiweka juu ya kaunta, akaifungua kwa madaha, pembe moja baada ya nyingine. Kioo chake kilikuwa kimelia vizuri, kiling'aa kama maji. “Tazama mwenyewe, mama. Kijana kabisa.”

Fundi alitazama. Akasogea, akarudi nyuma. Akaweka kichwa upande kama anayekagua mshono.

“Huyu nani?”

Wifi akacheka kidogo. “Fundi naye! Mumeo.”

“Nakuuliza, huyu nani? Pua ni yake, shati ni lake, nililishona mwenyewe. Lakini huyu simjui. Liko wapi doa lake?”

“Doa gani?”

“Doa la kuzaliwa! Hapa!” Alijichoma kidole chini ya jicho lake la kushoto, utadhani anataka kujitoboa. “Jeusi, kama mbegu ya papai. Maisha yangu yote na mwanamume yule nilikuwa natazama doa kwanza, macho baadaye. Likikunjika, najua amekuja na hasira. Likinyooka, najua anataka kuomba kitu. Mmelipeleka wapi?”

Nyuma ya pazia Chiriku alipiga mluzi wa mate.

“Ni huyu,” alisema wifi, na alisema bila kupepesa, kidole kimenyooka. “Huyu wifi yangu ndiye anayekaa kwenye kompyuta. Siku hizi akili yake yote iko kwenye kapu. Nimemsema mpaka nimechoka. Hata kioo chenyewe mtoto wake amekiharibu, njoo utazame.”

“Wifi!” Mama Chiriku alisimama. “Picha hii niliiacha kabla sijaanza hata kuigusa. Uliimaliza wewe jana.”

“Unaniita mwongo? Mbele ya mteja?”

“Nasema kilichotokea.”

“Mimi sitaki kujua nani kala nani kabakiza,” Fundi alifoka, akapiga kaunta kwa kiganja hadi pini zikatikisika. “Nataka mume wangu. Nisipompata, nasimama hapo mlangoni kwenu, na kila anayeingia namwambia: humu wanakutoa sura. Nami mnanijua, sauti ninayo. Hebu nionyesheni huko ndani ya mashine. Yumo au hayumo?”

Mama Chiriku aliwasha laptopu. Akakosea neno la siri, akaliandika upya. Picha ile ndogo, kama ilivyoingia siku ya kwanza kwenye skana na mikunjo yake yote, ikafunguka ikajaa kioo. Lile jicho la kushoto la marehemu, kwa anayeitazama picha, liliangukia upande wa kulia, katikati kabisa ya ukungu. Fundi alikunja uso.

“Mbona amefunikwa na moshi? Sioni kitu.”

“Ngoja, ngoja kwanza nikisafishe,” wifi alisema, aibu imempanda mpaka masikioni, “huwezi kumwonyesha mteja uchafu,” na hapo hapo aliinua ile chupa ya buluu, mdomo wake umeelekezwa kwenye kioo kinachowaka, kidole kwenye kifyatulio.

Mama Chiriku hakufikiri. Alimdaka kifundo cha mkono.

“Usipulizie!”

“Niachie.”

“Usipulizie, wifi! Dawa inatiririka, inaingia pale chini kwenye ukingo, inakwenda ndani kwenye nyaya! Hapo tena hakuna picha ya mtu yeyote!”

“Niachie mkono, wewe! Unanipiga? Unanipiga kwenye studio ya baba yangu?”

Walivutana. Chupa ilifyatuka, ukungu wa buluu ukaenda hewani, ukamwangukia Fundi kwenye utepe wake, naye akaguta kama amemwagiwa maji ya moto. Kwa mkono wake wa pili Mama Chiriku aliufunga mfuniko wa laptopu, akaivuta ikachomoka kwenye waya wa chaja, akaikumbatia kifuani. Chiriku, aliyesikia sauti za watu wake zikipanda, akaanza kulia.

“Ona!” wifi alihema. “Ona jeuri! Eti inaingia ndani, eti nyaya! Jana nimepulizia hivi hivi, nimepulizia nikapulizia, na mbona haikufa? Kidoa chenyewe ndicho kilikuwa king'ang'anizi, nimekisugua mpaka bega likauma, hakitoki, hakitoki, mpaka nikasogeza picha ndipo nikaona kinasogea na...”

Akajishika mdomo. Lakini maneno yalikwishatoka, na yaliyotoka hayakuwa na mlango wa kurudia.

Fundi alikuwa anapangusa utepe wake kwa pindo la gauni. Akaacha. Akamtazama wifi taratibu kuanzia viatu.

“Kinasogea na picha,” alisema. “Endelea.”

Wifi akaificha chupa nyuma ya mgongo.

“Kwa hiyo,” Fundi alisema, “wewe ulikaa hapo ukamsugua mume wangu usoni. Ukampulizia dawa. Ukamsugua kwa gazeti. Na alipokataa kutakata, ukamfuta.”

“Nilidhani ni uchafu wa picha. Imekunjika, ina madoa madoa, mtu yeyote angedhani...”

“Kwa nini hukuniuliza? Naishi mtaa wa pili! Ungemtuma mtu, ‘Fundi, mumeo alikuwa na doa?’ Ningekujibu hata kwa kupiga kelele dirishani!”

“Basi, Fundi.”

“Hakuna basi. Halafu unasingizia mtoto. Mtoto wa kunyonya! Huna haya?”

Mama Chiriku alikuwa amekwenda nyuma ya pazia. Alimtoa Chiriku kapuni, akamweka begani, laptopu bado kwapani, akarudi amesimama hivyo, mizigo miwili. Angeweza kunyamaza sasa. Ukweli umekwishajitoa wenyewe. Lakini aliuona mlango, akalikumbuka lile neno *kesho*, akajua asiposema leo hatasema tena.

“Picha naweza kuitengeneza,” alisema. “Doa lipo, liko kwenye ile ya kwanza, halijapotea. Ila mimi sitaitengeneza kama mtu aliyefukuzwa. Kama naondoka, wifi, naondoka sasa hivi. Mkalishe huyo binti yako na amtafute mume wa Fundi ndani ya moshi.”

“Unanitishia?”

“Nakuambia.”

“Umeota pembe lini?”

“Leo asubuhi,” alisema Mama Chiriku, “nilipofungua kioo.”

Wifi alimtazama kwa macho makavu. Akaitazama fremu yake inayong'aa na yule mgeni aliyemo ndani. Akamtazama Fundi, ambaye alikuwa amekwishajisogezea kiti cha wateja, akakikalia kwa uzito wake wote, mikono imefumbatwa. Hakuwa mtu wa kuondoka.

“Kaa,” wifi alisema, kwa meno. “Kaa ufanye kazi.”

“Na hiyo chupa?”

“Imekufanya nini chupa?”

“Ibaki kwenye fremu. Hii laptopu asiipulizie mtu. Naisafisha mimi, peke yangu.”

Wifi aliinua mabega, akaenda kuibwaga chupa kwenye meza ya fremu kwa kishindo. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Sasa Mama Chiriku alifanya jambo lililowatia wote wawili wazimu: hakuanza. Alihakikisha waya umetoka, akaizima mashine kabisa, akaketi akainyonyesha ile hasira ya Chiriku mpaka ikalala, huku akingoja kioo kipoe.

“Tunangoja nini?” Fundi aliuliza.

“Kipoe. Kikiwa cha moto kila unachopaka kinakaukia hapo hapo, kinaacha michirizi.”

Kisha akatoa kwenye pochi kitambaa laini cha kufutia miwani. Si pindo la khanga, si karatasi ya chooni, na gazeti ndiyo kabisa, maana vyote hivyo vina unyuzi na mchanga usioonekana. Akafuta vumbi kikiwa kikavu, kutoka juu kwenda chini, kwa mkono mwepesi. Kioo kikibonyea kidogo tu, aliinua vidole. Akachukua kichupa cha maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, akalowesha pembe ya kitambaa, si kioo, akaikamua mpaka isitoe hata tone. Akapita tena, polepole, akakaa mbali na kingo.

“Unamwogesha mtoto mchanga?” Fundi alisema.

“Karibu na hapo.”

“Shonea mtu namna hiyo, harusi itapita.”

Wifi alikuwa anajifanya anapanga kadi za fremu, lakini shingo yake ilikuwa ndefu. Mama Chiriku alipomaliza, akaacha kioo kikauke chenyewe, akaiwasha. Mafuta ya vidole yalikuwa yameondoka. Vumbi limeondoka. Ukungu ulikuwa pale pale.

“Hautoki?” wifi aliuliza. Sauti ilimponyoka; ilikuwa ndogo kuliko yeye.

“Hautoki. Si uchafu huu. Ni ngozi ya kioo imechubuka.”

“Hata ukirudia?”

“Hata nikirudia mwaka mzima.”

Wifi akageuka haraka, akaanza kuzipanga upya kadi alizokwishazipanga.

Mama Chiriku aliisogeza picha yote upande wa kushoto, mahali kioo kilipokuwa bado kizima. Sura ya marehemu ikatoka kwenye moshi, na doa likatoka nayo, jeusi, lenye ukingo usio sawa, limeelea juu ya mfupa wa shavu. Fundi akavuta kiti chake hadi begani kwa Mama Chiriku. Mikunjo ya karatasi ilifutwa mmoja mmoja. Pembe iliyokatika ikajazwa. Kila mara kabla ya kufuta alama yoyote usoni, Mama Chiriku aliuliza, “Hii?” Fundi akajibu, “Futa,” au, “Acha, hiyo ni ndui,” au, “Acha, hiyo nilimfanyia mimi, tulishasameheana.”

Printa ilipotema karatasi, Fundi aliipokea kwa viganja viwili. Akaiangalia kwa muda mrefu.

“Amekasirika,” alisema. “Tazama lilivyokunjika. Siku ile ya kitambulisho alipanga foleni toka alfajiri.” Akapiga chafya ambayo haikuwa chafya, akasimama. “Mtie kwenye fremu. Na wewe,” akamgeukia wifi, “futa kioo nikiwa hapa, nakutazama. Huyo mgeni mwingine mchane, simtaki kwenu wala kwangu.”

Wifi alimchana. Akaitia picha mpya kwenye fremu, akapuliza, akasugua, kioo kikalia. Hakuomba radhi, na Fundi hakukosa kuliona hilo. Alitoka na fremu yake kwapani akisema kwa sauti, ili na wapita njia wasikie, kwamba mtu mzima asiyejua kusema samahani ni sawa na koti lisilo na mkono.

Walibaki wawili, na Chiriku akiwa amelala. Mama Chiriku alifunika laptopu kwa shuka dogo la mtoto. Akakunja nepi, akaziweka kwenye mfuko, polepole, akingoja. Wifi alikuwa anazungusha waya wa taa kwenye kiwiko chake, mzunguko juu ya mzunguko, amempa mgongo.

“Kesho kuna picha za mahafali,” wifi aliuambia ukuta. “Nyingi. Uje mapema.”

“Na yule binti?”

“Binti gani? Mimi nimekuambia uje mapema.”

“Na Chiriku?”

“Lo! Mwanamke wewe!” Wifi aligeuka, waya umemzunguka mkono mzima, macho mekundu. “Sasa unataka nikuandikie barua? Kwani ukija utamwacha wapi, juu ya paa? Na hilo kapu lisogeze upande wa pazia wenye ngazi za jumba. Hapo kwenye nguzo najikwaa.”

Mama Chiriku alilisogeza kapu.